Sayari ya Siku Tisa

Alikuwa fundi wa friji kabla hajawa fundi wa mbingu. Hivyo ndivyo mkewe alivyopenda kumtambulisha kwa wageni, huku anacheka, na yeye mwenyewe anaona haya, anatazama viatu vyake. Lakini mke hakuwa amesema uongo. Kwa miaka mingi mume huyu alizunguka mitaani na begi la vifaa mkononi na mtungi wa gesi begani, akifufua friji ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Watu wakamwita Fundi Baridi, na jina likamganda.

Hata mke alimpata kwa friji. Mama mmoja mjane alimwita aje aangalie friji yake inayovuja maji. Fundi akaja, akaona mpira wa mlango umechoka, akaubadilisha, akalipwa, akaondoka. Siku chache baadaye akarudi kuhakikisha mpira umekaa sawasawa. Akarudi tena kupima gesi, ingawa hakuna aliyelalamikia gesi. Mara zote hizo aliyemshikia tochi alikuwa binti wa nyumba, fundi cherehani, msichana mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Safari iliyofuata yule mama akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wewe kijana," akasema, "friji yangu ni nzima kabisa. Sasa sema, mgonjwa ni nani hapa?" Fundi akajiumauma, akasema ya moyoni mwake, na ndoa haikuchelewa.

Watoto hawakujaliwa. Walisubiri, wakahangaika, wakalia kidogo, kisha wakaacha, wakaendelea kupendana kama kwamba ndiyo kwanza wameanza. Mke alishona sare za shule sebuleni, na nyuzi zake zilikuwa kila mahali, hata kwenye kopo la sukari. Mume naye akapata kazi kwenye kituo cha kutazamia nyota kilichojengwa juu ya kilima, nje kidogo ya mji. Pale walikuwa na wasomi wa nyota wa kutosha, ila walimkosa mtu anayejua baridi. Wasomi wakabaki na nyota zao, yeye akapewa baridi yake, na wakaheshimiana. Ndipo mkewe alipompandisha cheo, akamwita fundi wa mbingu. Siku akichelewa kurudi alimwita mlinzi wa friji.

Mashine aliyokabidhiwa haikuwa juu kwenye kuba pamoja na darubini. Ilikuwa chini kabisa, kwenye chumba cha chini ya ardhi, nyuma ya milango mitatu. Mwanga wa nyota ulinaswa juu na darubini, ukashushwa kwa uzi mwembamba wa kioo, ukaingia ndani ya pipa kubwa la chuma, na humo ukatandazwa rangi kwa rangi, kama mtu anayekunjua kanga kuangalia kama ina doa. Yeye alihakikisha mambo mawili tu: pipa libaki na baridi yake, na chumba kisipande wala kushuka joto hata kwa kiasi ambacho ngozi ya mtu haiwezi kukihisi.

Aliyemfanya aelewe kwa nini baridi ile ni jambo la kufa na kupona alikuwa Daktari. Kituo kizima walimwita hivyo, ingawa hajawahi kumdunga mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu, na kazi yake ilikuwa kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine, mbali na jua letu. Siku moja aliwakusanya wafanyakazi wote ukumbini, kuanzia mkurugenzi mpaka dereva na mpishi, awaeleze wanachokipikia na kukiendeshea magari.

"Sayari zile hatuzioni," alisema. "Nyota inang'aa mno, sayari ni kitu kidogo kisicho na taa yake. Ni sawa na kumtafuta mbu pembeni ya taa ya gari, na gari lenyewe liko mji mwingine. Kwa hiyo tunaacha kumtafuta mbu. Tunaitazama taa."

Akawaambia kwamba wakati mwingine sayari hupita mbele ya nyota yake, na mwanga hupungua kidogo mno, kisha hurudi. Ukipungua tena na tena kwa vipindi vilivyo sawa, basi kuna kitu kinazunguka pale, na kadiri unavyopungua ndivyo unavyojua ukubwa wake. Lakini si kila sayari inapita mbele yetu. Nyingine huzunguka kiupandeupande, na hizo hutafutwa kwa mashine ya chini, ile ya Fundi Baridi. Hapo Daktari, ambaye alikuwa mwembamba kama ufagio, akamwendea mpishi, mtu wa mwili hasa, akamshika mikono yote miwili na kuanza kuzunguka naye katikati ya ukumbi. Watu wakavunjika mbavu.

"Mnaona?" Daktari alisema huku anahema. "Mimi mdogo nazunguka sana, na yeye mkubwa hatulii, anayumba kidogo kwa sababu namvuta. Sasa tuseme mimi hamnioni. Mnamwona mpishi peke yake, anayumba. Mtasemaje?"

"Tutasema amelewa!" dereva akadakia.

"Nyota hazilewi," Daktari akajibu. "Nyota ikiyumba, kuna kitu kinaivuta. Ikija upande wetu mwanga wake unaelekea ubuluu kidogo, ikienda upande ule unaelekea wekundu kidogo. Kidogo kiasi kwamba mtu akiingia mle chini na joto lake, mashine inatanuka chembe, na sisi huku juu tunadhani ni nyota imesogea."

Fundi alirudi nyumbani akamsimulia mkewe yote, mpaka na kuyumba kwa mpishi. Kesho yake akaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino mzito, akabandika kwenye mlango wa tatu: INGIA, JAZA, TOKA. Maana kila baada ya siku tisa ilimlazimu aingie kujaza tangi la naitrojeni, ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, ambayo ndiyo iliyolipatia pipa baridi yake. Kazi ya dakika chache kwa mtu mwepesi.

Kisha mkewe akaugua. Sitaurefusha ugonjwa ule, kwa sababu haukuwa na jambo la kusimulia isipokuwa kukonda. Mama mkwe alihamia kwao kuja kumuuguza bintiye, akalala naye chumba kimoja, akamlisha kwa kijiko kama zamani. Binti akakata roho asubuhi moja, mama amemshika mkono wa kulia, mume ameshika wa kushoto.

Siku ya maziko Fundi alijikaza mpaka jeneza liliposhushwa. Lilipogusa chini, akatokwa na ukelele mmoja, mkubwa, usio na maneno ndani yake. Papo hapo mama mkwe, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, akaanguka kama gunia. Watu wakamkimbilia, wakampepea, wakammwagia maji. Shemeji yake, kaka wa marehemu, akamshika Fundi bega na kumnong'oneza sikioni, "Shemeji, jikaze. Utamuua mama. Moyo wake haubebi."

Jikaze! Neno hili lina watu wake, na watu hao huwa hawakosi msibani. Wanalitoa bure, kisha wanaenda zao makwao kulala, na wewe unabaki nalo. Fundi alilibeba akalifanya sheria. Toka siku ile hakuna aliyeona chozi lake. Mama mkwe alipobaki pale nyumbani, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kurudi kwake peke yake, Fundi alimpikia chai, akampangia dawa zake, akamwekea redio kipindi anachokipenda. Jioni alimtafutia vichekesho vya kazini amsimulie. Picha ya marehemu aliigeuza kidogo ielekee dirishani, mama asikutane nayo ana kwa ana. Majirani wakaanza kusema Fundi Baridi ni baridi kweli, na mama hakuwabishia.

Sasa mtu akilizuia chozi haina maana limekwisha. Siku tisa baada ya kurudi kazini, alifungua milango mitatu, akaingia, akajaza tangi. Pampu ya pipa ilikuwa inanguruma polepole kwenye kona. Pipa limekaa kimya. Akageuka atoke, na hapo ndipo ilipomjia kwamba ndani ya chumba hiki, hata mtu apige kelele kiasi gani, hakuna atakayesikia. Akakaa juu ya sanduku la vifaa. Akalia mpaka kifua kikamuuma. Akalia kama mtoto aliyepotea sokoni, na alipotoka, akanawa uso kwenye sinki la karakana na kurudi nyumbani akiwa na nguvu za kuchemsha chai.

Alijua sheria. Yeye ndiye aliyeiandika mlangoni. Lakini alijipa moyo kwamba kuna taa ya kulinganishia, ambayo huwashwa kila siku ili kuiumbua mashine ikisogea, na hesabu zikasahihishwa. Kilichomponyoka akilini, kwa sababu kichwa chake hakikuwa kichwa tena, ni kwamba taa ile ilikuwa imechoka, inaona vibaya kama mzee asiye na miwani, na taa mpya ilikuwa imeagizwa na haijafika. Basi kila siku ya tisa akaingia, akajaza, na hakutoka. Wengine wana makaburi ya kwenda kukaa. Yeye kwenda makaburini hakuthubutu, maana mama angetaka kufuatana naye.

Miezi ikapita, na Daktari akapata sayari.

Ilikuwa nyota ya kawaida, tulivu, si kubwa si ndogo, na ilikuwa inayumba. Ilikuwa inayumba kila siku tisa. Daktari alikimbia kwenye korido za kituo bila viatu. Mkurugenzi akanunua soda, mpishi akaoka keki, dereva akasema yuko tayari kuwapeleka huko maadamu mafuta yapo. Daktari akasema ni sayari nyepesi, ipo karibu sana na nyota yake, mwaka wake ni siku tisa tu, na kwamba ni ya kwanza kuipata yeye mwenyewe toka aanze kazi. "Bila baridi ya Fundi hatungeiona," akasema mbele ya watu wote, na Fundi akapigiwa makofi. Alifurahi, maskini. Alifurahi kweli. Alikwenda nyumbani na kipande cha keki kwenye karatasi, akampa mama mkwe.

Mama alikitazama kile kipande bila kukigusa.

"Baba," akasema, "nataka kwenda kwa mwanangu, huyo shemeji yako. Nimeshaongea naye. Atakuja kunichukua."

Kuna mambo mengi mtu angeweza kusema pale. Angeweza kusema: mama, ukiondoka wewe, aliyebaki wa kumkumbuka ni nani? Angeweza kusema: nyumba hii ina sauti moja tu inayofanana na ya kwake, nayo ni yako. Lakini alimwona mama alivyokonda, akamwona tena ameanguka kando ya kaburi, na akajikaza.

"Sawa, mama," akasema. "Kama ndivyo unavyoona."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza swali na kupata jibu alilolitegemea. "Nyumba hii imekauka," akasema, na akaenda chumbani. Kesho yake ilikuwa siku ya tangi. Fundi alikaa mle ndani mpaka miguu ikafa ganzi.

Kumbe huko juu Daktari naye hakuwa na usingizi. Mtafuta sayari mzuri haiamini sayari yake. Anaisumbua, anaipekua, anaitafutia kosa kama mama mkwe anayemchunguza mchumba. Akarudi kwenye vipimo vya zamani vya nyota ile, vya kabla ya mwaka huu, akaona imetulia tuli. Sayari haizaliwi katikati ya mwaka. Akachukua nyota nyingine, upande mwingine kabisa wa mbingu, ambayo kila mtu anajua haina kitu, akaipima kwa hesabu zilezile. Nayo ilikuwa inayumba kila siku tisa. Akachukua ya tatu, hadithi ikawa ileile. Nyota tatu zisizojuana haziwezi kucheza ngoma moja. Kilichokuwa kinayumba hakikuwa mbinguni. Kilikuwa humu ndani ya jengo.

Akashuka karakana, uso umemshuka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Daktari. Mbona hivyo?"

"Sayari yangu imeingia mchanga. Nadhani ni tangi. Ukiingia kujaza, unakaa muda gani?"

Fundi alikuwa ameshika spana. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Alielewa palepale, hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Kama kawaida tu," akasema. "Najaza, natoka."

"Nilijua utasema hivyo," Daktari akajibu kwa huzuni, tena bila shaka hata chembe, na imani ile ndiyo iliyomchoma Fundi kuliko kama angefokewa. "Basi ni kitu ndani ya pipa. Itabidi tulifungue. Mkurugenzi amekubali, Jumatatu tunaanza. Itachukua nusu mwaka kulirudisha sawa, na kazi za watu wote zitasimama. Lakini tufanyeje?"

Alimwacha Fundi pale na spana yake. Siku ile hakufanya kazi yoyote ya maana. Alikaa ameshika tama, akafikiria wale wengine, vijana wenye masomo yao yanayotegemea pipa lile, na akafikiria aibu. Hakuogopa kufukuzwa. Alichoogopa ni kutamka. Kwa muda wote huu hakuwa amemwambia mtu yeyote, na jambo ambalo halijatamkwa angalau lilikuwa lake peke yake. Mchana wa Ijumaa akapiga moyo konde, akapanda ngazi mpaka ofisini kwa Daktari.

"Usilifungue pipa," akasema kabla hata hajakaa.

"Fundi, sina namna. Kuna kitu kinaitikisa mashine na sikijui."

"Mimi nakijua." Akakaa kitini. "Ni mimi. Nikishajaza tangi, sitoki. Nakaa."

"Unakaa? Unafanya nini?"

"Nalia."

Daktari aliweka kalamu mezani. Kisha akaigeuza kompyuta yake ili na Fundi aone. Kwenye kioo kulikuwa na vidoti vingi vinavyopanda ghafla, halafu vinashuka polepole, vinatulia, halafu vinapanda tena.

"Ndiyo hii sayari yangu," akasema. Akaonyesha kwa kidole mahali vidoti vilipopanda juu kuliko kote. "Hapa kulikuwa na nini?"

Fundi akasogea, akaangalia tarehe. "Hapo mama mkwe alikuwa ameniambia anaondoka."

"Na hapa? Karibu hakuna kitu."

Akafikiri. "Hapo nilikuwa na mafua. Aliingia mwenzangu."

Daktari akacheka, kicheko kikamvunjikia mdomoni. "Nimekuwa napima msiba wako, Fundi. Miezi yote hii napima msiba wako nikauita sayari." Akafuta macho kwa kiganja. "Na nimekasirika, nisikufiche. Nilishampigia mama yangu simu. Alishatangaza mtaa mzima."

"Nisamehe."

"Ungekuwa mlevi uliyelala mle ndani ningekufokea vizuri. Sasa nikufokee kwa lipi?"

Alimwambia hatataja jina lake. Atasema ni joto la mtu, na hilo halikuwa uongo. Jumatatu badala ya kufungua pipa wangepitisha bomba ukutani, tangi lijazwe kutoka nje, na chumba kisiingiwe na mtu tena. Fundi akaitikia kila neno. Mwishoni akauliza jambo ambalo hata yeye halikumkaa vizuri mdomoni.

"Na hizo siku? Hivyo vidoti utavifanyaje?"

"Nitavitoa."

"Vyote?"

"Vya siku zote ulizoingia, na za karibu yake. Siwezi kuvitumia, Fundi. Humo nyota haionekani. Unaonekana wewe."

Iliuma. Nani angedhani itauma? Lakini iliuma, kwa sababu katika dunia nzima kitu kilichokuwa kimemwona akilia ni mashine ile tu, na sasa ushahidi wake unatolewa ili hesabu ziwe safi. Daktari aliona macho yake yalivyokuwa, akaona pia kwamba hayatoi kitu.

"Kwa nini usilie nyumbani?" akamuuliza taratibu.

"Nyumbani yupo mama. Akinisikia atakufa."

"Na yeye analia wapi?"

Fundi alitoka ofisini mle, akashuka ngazi, akashuka kilima, na swali lile likashuka naye njia nzima.

Kesho yake, Jumamosi, alimkuta mama mkwe sebuleni tangu asubuhi, amevaa viatu vya safari, mabegi mawili yamewekwa karibu na mlango. Cherehani ilikuwa bado mahali pake, imefunikwa kitambaa. Fundi akavuta kigoda, akakaa chini kidogo kuliko mama, kama inavyompasa mkwe.

"Mama, nina neno. Nalisema hata kama ni baya kwako."

Akasema yote. Kuhusu milango mitatu, tangi, sanduku la vifaa, pampu inayonguruma. Kuhusu sayari isiyokuwepo. Alisema akiangalia sakafu, na alipomaliza akainua macho akitegemea kumwona mama ameshika kifua. Mama alikuwa amekaa wima, amemkazia macho.

"Kwa hiyo unalilia mashine," akasema.

"Silili mashine, mama. Nalia mle kwa sababu..."

"Nimekusikia. Unamlilia mwanangu mbele ya mashine. Mimi niko chumba cha pili. Mimi unaniletea chai na vichekesho vya dereva."

"Nilikuwa nakulinda, mama. Siku ile nilipiga kelele ukaanguka. Ilibaki kidogo nikuue."

"Nani kakwambia?"

"Shemeji. Watu wote."

"Nilianguka kwa njaa!" Mama akapiga goti lake kwa kiganja. "Toka amekufa sikuwa nimetia kitu mdomoni, hata maji. Miguu iliniisha. Ule ukelele wako, baba, ndicho kitu cha mwisho nilichokisikia, na nikasema moyoni, angalau mmoja hapa anajua nilichopoteza. Nikazinduka nakutafuta. Nikakukuta umekauka. Siku ya kwanza, ya pili, mwezi. Unanipangia dawa. Umeigeuza picha yake. Nikasema basi, huyu alishamaliza, mimi ndiye niliyebaki naye peke yangu." Akanyoosha kidole kuelekea bafuni. "Ulidhani naoga mara tatu kwa siku kwa ajili ya usafi? Nafungulia maji nisikusumbue. Nilisema, mwenzangu ameshapoa, nisimpigie kelele nyumbani kwake."

Wawili hawa walikuwa wamepeana ukuta mmoja wautegemee, huyu upande huu, huyu upande ule, na kila mmoja akadhani ng'ambo hakuna mtu. Fundi alishikwa na hasira, akamkasirikia shemeji, akajikasirikia mwenyewe, akauonea huruma mwili ule mdogo wa mama unaotetemeka kwenye kiti.

"Basi lia," mama akasema. "Sasa hivi, hapa. Lia nikusikie."

Akakubali kwa kichwa. Akafumba macho. Akamwita mkewe moyoni kwa jina ambalo walikuwa wanaitana wawili tu, akaiona mikono yake kwenye cherehani, akauona mkono wa kushoto ulivyopoa ndani ya wake. Maumivu yakaja, yote, yakapanda mpaka kooni, na pale yakakwama. Macho yalimchoma kama yametiwa chumvi, lakini yakabaki makavu. Alivuta pumzi, akajaribu tena. Alikuwa amejifunza kulia kwenye chumba kimoja tu duniani, na chumba hicho hataingia tena.

"Mama, hayaji," akasema. "Naapa yapo. Hayaji."

Nje gari likapiga honi. Shemeji akaingia na haraka zake, funguo mkononi, akabeba begi la kwanza. "Mama, twende, tutachelewa," akasema, kisha akaona jinsi walivyokaa. Mama mkwe alikuwa ameshauchukua mkono wa Fundi, ameuweka mapajani pake, na ameanza kulia kwa sauti, bila maji ya bomba wala mlango, kilio cha mtu aliyekisubiri siku nyingi.

"Jamani, jikazeni," shemeji akaanza.

"Nyamaza wewe," mama akamwambia. "Weka begi chini."

Akaliweka. Hakuna aliyemkaribisha kiti, naye hakuuliza. Wale wawili wakakaa hivyo, mama analia, naye Fundi anajaribu.